Begimai Ajifunga Mablanketi ya Farasi

"Mifupa yangu ni chuma," Begimai aliwaambia wenzake kila asubuhi njiani kwenda shule. "Siku ya mbio mtaniona mgongo tu."

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na babu yake, mzee Sadyr, alikuwa amemwahidi kumpandisha Karager, farasi wake wa mbio, mashindano ya masika yatakapofika. Zilibaki siku kumi na moja. Msichana hakukalika. Darasani miguu ilicheza chini ya dawati. Nyumbani alizunguka zizi kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kila asubuhi babu alimfunika Karager mablanketi mazito ya manyoya ya kondoo, akamtembeza mpaka jasho likamchuruzika, ili mafuta yatoke, abaki mwepesi. Begimai aliwaza: kama farasi hupunguzwa hivyo, mpandaji je? Basi tangu majani yalipoanza kupukutika vuli iliyopita alikuwa ameacha maziwa, mtindi, hata vidonge vya mtindi mkavu ambavyo bibi huanika juu ya paa. Sehemu yake aliila mbwa. Akitoka shule alijificha ghalani, amejiviringisha mablanketi ya farasi toka kisogoni hadi vidoleni, akitoa jasho. Jua la mlimani lilimsikia tu, halikumwona.

Chuma kikaanza kuuma. Ngazi za shule alizipanda akishika ukuta. Alinyamaza, maana babu akijua, tandiko litakwenda kwa Jyrgal, binti wa jirani.

Siku nne kabla ya mbio, katikati ya mazoezi, vidole vyake vilijikunja vikakakamaa kama kucha za mwewe. Hatamu zikamponyoka. Karager alikata kona, Begimai hakukata. Alipookotwa mavumbini hakuwa amevunjika, lakini vidole vilikataa kukunjuka.

Babu akamkimbiza zahanati. Nesi Tursunai alimdunga dawa ya kalsiamu polepole, vidole vikalegea. Kisha akauliza anakula nini. Begimai akajibu kwamba anakula kila kitu, na maziwa anakunywa kila siku.

"Basi kesho uende hospitali ya mjini," nesi alisema, "wakatafute ugonjwa mwingine."

Begimai alimtazama babu, akaona mzee anafungua mfuko na kuhesabu nauli ya mjini. Akasema yote, mbwa na mablanketi pamoja.

"Sikiliza, mwanangu," nesi alisema. "Kalsiamu ikipungua kwenye damu, moyo na misuli havisubiri. Shingoni una tezi nne, ndogo kama punje za mchele. Zinaiamrisha mifupa itoe kalsiamu, na fosfeti, madini mengine ya mfupa, hutoka nayo. Figo hubakiza kalsiamu, fosfeti ya ziada huitoa kwa mkojo. Usipokula wewe, mifupa inaliwa. Na jua likigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D. Bila hiyo, hata maziwa ukinywa ndoo nzima, utumbo huchukua kalsiamu kidogo tu."

Alipewa dawa, akakatazwa farasi mpaka vuli. Jyrgal akampanda Karager, akawa wa tatu.

Kiangazi chote Begimai alikunywa maziwa, akachunga kondoo mikono wazi juani. Maumivu yakaondoka. Nesi alipompima tena, alimruhusu apande.

Siku ya mbio za vuli, babu alimkabidhi hatamu mwenyewe.

"Farasi tunamtoa jasho, mjukuu wangu, lakini shayiri hatumnyimi wala malisho. Wewe uliiga jasho, shayiri ukamwachia mbwa. Na ulipoumwa ukaficha. Mwili ukikulalamikia, tuambie wakubwa mapema."

Begimai aliitikia kwa adabu. Babu alipogeuka tu, akawainamia watoto waliomzunguka, akawaeleza kwamba zile mbio za masika alimwachia Jyrgal kwa hiari yake, kwa kumwonea huruma.

"Huruma gani?" Jyrgal aliuliza, akitokea upande wa pili wa farasi alikokuwa akikaza mkanda wa tandiko. "Ulining'ang'ania mguu ukilia, nikakuburuta mpaka kwenye mstari wa kuanzia mbio."