Miwani ya Fundi Mtanashati

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuezeka mabati, baba yake Chiriku alipiga pasi ovaroli. Ndiyo, ovaroli! Mafundi wenzake walivaa nguo zilizojikunja, lakini yeye hakutoka nyumbani mpaka mstari wa pasi uonekane. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Mtanashati. Mwaka uliopita aliwahi kukataa kofia ngumu ya kazini kwa sababu, alisema, rangi yake ni ya boga lililooza.

Chiriku alikuwa binti yake wa pekee, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Asubuhi alimpigia baba viatu rangi huku akimsimulia mambo ya shuleni, kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Baba aliyasikiliza yote, kwa maana alimpenda mtoto huyu kama roho yake.

"Baba, jicho lako la kushoto ni jekundu tena," Chiriku alisema siku moja.

"Ni vumbi tu, mwanangu."

"Vumbi gani la mwezi mzima? Twende kwa daktari."

Wakaenda. Daktari wa macho, mama mcheshi mwenye sauti nene, alimmulika baba jicho moja, kisha la pili.

"Fundi, mabati mapya yanakurudishia jua usoni kutwa nzima," alisema. "Kuna kinyama kimeanza kuota pembeni mwa jicho. Kikifika kwenye mboni, utakuwa unaona ukungu. Nitakuandalia miwani ya jua yenye vioo vinavyozuia mionzi mikali. Uivae kila unapopanda juu, na jua la saa sita ulikwepe kivulini."

Baba aliitikia kwa sauti ndogo. Kazi ya juu ya paa ni kazi ya macho, na yeye hakuwa na kazi nyingine.

Kwa kuwa zahanati ya daktari huyo ilipakana na shule, Chiriku ndiye aliyetumwa kuichukua miwani siku ya Ijumaa. Akalifungua kasha. Miwani ilikuwa kubwa, ya rangi ya matope, na imeziba mpaka pembeni. Aliijaribu mbele ya kioo cha dirisha, akaona chura aliyeshiba.

"Baba hataivaa hii," alijisemea. "Ataitupa kabatini, na jicho litaharibika."

Njiani alimkuta mchuuzi aliyepanga miwani ya jua kwenye ubao. Moja ilikuwa nyembamba, nyeusi tii, yenye mikono ya rangi ya dhahabu.

"Nyeusi namna hii, jua litapitia wapi?" mchuuzi alimwambia.

Chiriku aliyaamini maneno hayo. Alikimbia nyumbani, akavunja kibubu chake, akarudi kuinunua. Kisha akafanya jambo ambalo alijua kabisa si zuri. Aliibandua kwa ukucha lebo ya kinga iliyokuwa kwenye miwani ya daktari, akaibandika kwenye ile nyeusi. Ya daktari akaificha chini ya nguo zake.

Jioni baba aliivaa, akageuka kulia, akageuka kushoto.

"Ama kweli, daktari huyu anajua watu!" alisema. "Na lebo hii hapa. Ahsante, mwanangu."

Chiriku alicheka, lakini kicheko hakikufika moyoni.

Kuanzia siku hiyo, Fundi Mtanashati alipanda mapaa kwa madaha. Kwa kuwa aliiamini miwani yake, hata jua la saa sita hakulikwepa tena. Wenzake walipokwenda kivulini, yeye aligonga misumari. Baada ya wiki mbili macho yote mawili yalikuwa mekundu na yanatoka machozi. Siku moja alirudi na kidole gumba kimevimba. Alikuwa ameukosa msumari, akajigonga nyundo.

"Nimefikiri sana," alimwambia Chiriku wakati wa chakula. "Kama miwani ya daktari imeshindwa, basi macho yangu hayana dawa. Nikimaliza paa hili, naacha kazi. Siwezi kusubiri mpaka nianguke."

Chiriku alikitazama chakula chake.

"Mbona redio yangu imezimika?" baba aliuliza kwa upole. "Usiogope. Tutaishi tu."

Upole huo ndio uliomshinda. Chiriku aliangua kilio, akaenda chumbani, akarudi na ile miwani kubwa.

"Hii ndiyo ya daktari, baba. Hiyo nyingine nilinunua njiani. Lebo niliibandika mimi."

Baba aliipokea miwani ile, akaigeuzageuza.

"Kwa nini, mwanangu?" aliuliza mwishowe.

"Niliona utaikataa. Kofia ngumu uliikataa kwa sababu ya rangi."

Baba alijua mtoto hakumsingizia.

Kesho yake walikwenda kwa daktari. Chiriku alieleza yote mwenyewe. Daktari hakumkaripia. Alifunga pazia, akamulika karatasi nyeupe kwa taa ndogo ya zambarau inayotoa mionzi kama ile ya jua. Karatasi ikang'aa. Akaweka ile miwani nyeusi mbele ya taa. Karatasi ikaendelea kung'aa. Akaweka ya kwake, karatasi ikafifia papo hapo.

"Umeona? Weusi si kinga," alisema. "Tena gizani mboni hupanuka, kwa hiyo nyuma ya vioo vile mionzi ilipata mlango mpana zaidi. Na wembamba wake uliruhusu mng'ao wa mabati upenye pembeni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!"

"Je, kinyama kimefika kwenye mboni?" baba aliuliza.

"Bado. Mmewahi." Daktari alivuta droo iliyojaa fremu. "Na wewe fundi, kutaka kupendeza si kosa. Ungeniambia mapema! Vioo hivi hivi nitavikata viingie kwenye fremu uipendayo, mradi ikukae karibu na nyusi na izibe pembeni."

Baba alijaribu fremu kumi na moja, wagonjwa wengine wakipiga miayo. Mwishowe alichagua ya kijivu iliyokoza, na kweli ilimkaa kama aliyezaliwa nayo.

"Binti," daktari alisema akimkabidhi kasha la miwani iliyokamilika, "ulimpenda baba yako, lakini ukampa uongo. Lebo anaweza kuibandika yeyote, ila haizuii jua. Anayekupenda hukupa ukweli, hata kama ni mbaya kutazama."

"Nisamehe, baba," Chiriku alisema.

"Nimekusamehe. Nami nina kosa langu, nilikufanya uogope kuniambia." Baba alimshika mkono. "Siku nyingine nikikataa dawa kwa sababu ya sura yake, niambie usoni."

"Hata kama utakasirika?"

"Hata nikikasirika. Hasira za baba hupoa, mwanangu. Jicho likifa, halirudi."