Kambare Waliogonga Zege

Pwa! Pwa! Pwa!

Anton aliisikia sauti hiyo kabla hajauona mto. Akayapenya matete. Kambare walikuwa wakiruka, wakagonga zege la kalavati, bomba la kupitishia mto chini ya barabara, wakaangukia tena dimbwini.

“Karamu imeanza!” alisema huku akicheka.

Karamu ndilo jina la dimbwi hilo kijijini kwao, kando ya njia iendayo Kipalapala. Kila mvua za kwanza samaki walijaa hapo. Watu waliamini kuwa makalavati ndiyo yanayowaleta.

Anton alichota kwa tenga. Mkewe, Kashindye, alikuwa mjamzito, na hamu yake yote ilikuwa kambare. Lakini mwaka huu tenga halikujaa.

Veneranda, afisa uvuvi wa kata, alisimamisha pikipiki yake barabarani.

“Shemeji, vipi karamu?”

“Imepoa. Makalavati yamezeeka. Tuombe mapya, samaki waongezeke.”

Veneranda alicheka mpaka akashika kiuno. “Yamezeeka, hayazai tena? Hebu mpasue huyo mmoja.”

Anton alimpasua. Mayai tele yalimwagika viganjani mwake.

“Huyu alikuwa anakwenda kujifungua,” Veneranda alisema taratibu. “Kambare hutaga kule juu mbugani, kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Sasa tazama. Mto umechimba hapa chini, mdomo wa bomba unaning’inia juu. Ndani nako maji yamebanwa, yanakimbia kwa nguvu. Atapandaje? Shemeji, hapa mlango umefungwa, na ninyi mnawaokota mama wenye mayai mlangoni. Mkiendelea hivi, kambare watakwisha.”

Anton aliyatazama mayai. Hakuweza kucheka tena.

Kwenye mkutano wa kijiji, Anton aliomba makalavati yaondolewe, lijengwe daraja. Masanja, jirani yake, alisimama kwa hasira. “Mabomba mawili yanatosha! Daraja la nini? La kambare?”

“Ndiyo, la kambare,” Anton alijibu.

“Basi waje wabebe mawe wenyewe!”

Watu waliangua kicheko. Veneranda aliwangoja watulie.

“Bomba huziba kwa takataka, mto ukafurika na kukata barabara,” alisema. “Mnalijua hilo, mmewahi kuyavuka mafuriko hayo kwa miguu. Daraja huuacha mto na upana wake, na mchanga wake chini. Maji hupita polepole. Kambare hatajua hata kama juu yake kuna barabara.”

Mkutano ulikubali, na halmashauri nayo ikakubali. Kiangazi makalavati yaling’olewa. Wanakijiji walisomba mawe na mchanga. Masanja naye alibeba, huku akinung’unika. Wakati daraja likijengwa, Kashindye alijifungua binti, wakamwita Levina.

Mvua zikarudi. Anton na Kashindye walisimama darajani na mtoto wao. Chini, migongo myeusi ilipasua maji. Kambare mmoja alipita, akafuata mwingine, kisha kundi zima, wakaelekea mbugani.

“Anton, tenga lako litaota uyoga!” Masanja alipiga kelele kutoka ukingoni.

“Na mimi je, sili?” Kashindye aliuliza, akimsukuma mumewe kwa kiwiko.

Anton alimchukua mtoto kifuani. Akasema kwa sauti, hata Masanja akasikia:

“Mama Levina, nakuahidi mbele ya mtoto huyu. Wakiwa wanapanda, sitamgusa hata mmoja. Wakishataga na kushuka, nitakuvulia, na nitakupikia mwenyewe.”