Ubeti wa Mwisho wa Shekue

Kidumishi kilianza kughani Jumatatu asubuhi, na sasa ilikuwa Alhamisi. Kilikaa mezani katika Jumba la Sauti mjini Tanga, ukubwa wake hauzidi birika, kikighani kwa sauti ya Mzee Shekue bila hata kumeza mate. Kazi ya chombo hicho ni moja: hujifunza nafsi ya mtunzi angali hai, kisha hutunga shairi moja la kumwakilisha, hulifunga, hunyamaza. Shairi lililofungwa huhifadhiwa milele. Lisilofungwa hufutwa, na muda aliopewa Shekue ulikuwa unakwisha saa sita mchana.

Mwenyewe alikuwa kitini, kichwa kimevurugika. Ubeti mmoja aliujua: aliutunga mwaka ule dada yake alipoolewa. Uliofuata pia aliukumbuka vizuri kabisa, kumbe hakuwahi kuutunga. Umri miaka sabini na tisa, na hakujua tena yeye anaishia wapi na chombo kinaanzia wapi.

"Tumekifungua mara tatu, mzee," alisema Mwanahawa, fundi wa vidumishi. "Hakina hitilafu. Vingine vyote hufika kwenye kaditama, ule ubeti wa kufungia, vikataja jina la mtunzi, basi. Chako hakijui kufunga. Nimepekua mashairi yako mia mbili na kumi, sikuona kaditama hata moja."

"Hutaiona. Sikuandika."

"Kwa nini?"

Shekue aliona haya kulisema. "Baba yangu naye alikuwa mtunzi. Alifunga shairi lake alasiri moja, akatia jina, akajinyoosha kidogo apumzike. Hakuamka. Nikaapa kwamba mimi sifungi."

"Ndiyo maana watu wanaimba beti zako harusini, hawajui ni za nani."

"Najua, mwanangu. Nimeshaalikwa nikaimbiwa."

Ilibaki robo saa. Chombo kikaghani:

*Bado neno nalijia, msiondoke wenzangu.*

Shekue aliinua kichwa. Sauti ilikuwa inatetemeka, na hakuna aliyeifundisha kutetemeka.

"Kinaogopa," alisema.

"Vyombo haviogopi, mzee." Lakini Mwanahawa aliangalia pembeni alipolisema hilo.

"Hiki kinaogopa. Nimekipa hofu yangu yote, na sikukipa pa kuitulia."

Alijongea, akaweka kiganja juu ya chombo, nacho kilikuwa na joto. Miaka sitini aliukimbia ubeti huu, na sasa ulikuja wenyewe, pole pole. Aliutamka kwa sauti ya kukwaruza:

*Hapa ndipo natulia, natua mzigo wangu,*
*Mwenye kuniulizia, Shekue ni jina langu.*

Chombo kilirudia mstari wa kwanza, kikaingia wa pili. Kwenye jina kikasita, kisha wakalitamka pamoja, yeye na chombo, kisha kikanyamaza.

Mwanahawa aliguta kwa furaha. "Limehifadhiwa, mzee. Umebaki."

Shekue alishika kifua, akasubiri. Pumzi ilikuja, ikaja nyingine. Hakufa. Aliomba chai, akapewa, akainywa nusu, akakitazama kile kitu kilichokaa kimya mezani. Siku nne kilimsemea yote aliyokuwa akiyaogopa, na chumba sasa kilikuwa kitupu mno.

"Kiite tena," alisema. "Kidogo tu."

"Hakiitiki tena, mzee. Umekifunga."

Alirudisha kiganja juu yake. Kilikuwa kimeanza kupoa.