Chupa ya Kumi na Tatu

Jua lilikuwa linazama nikiwa shambani kwa Mama Ndila, huko Yatta, nikihesabu mitego ya nzi wa maembe, kazi yangu ya ukaguzi. Serikali haiamini kwamba embe ni embe mpaka lijaziwe fomu.

Mitego yenyewe ni chupa za plastiki zilizoninginizwa matawini, zikiwa na dawa ya kuvutia nzi. Mama Ndila alikuwa ameandika kumi na mbili.

Nilihesabu kumi na tatu.

Ya mwisho ilikuwa ya kioo, kwenye mwembe mkongwe pembeni mwa shamba. Nikaifungua, kama kanuni inavyotaka. Hakuna nzi. Nywele tu... na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Nikadhani ni mtego uliooza. Nikaumwaga. Kisha nikachuma embe, nikalikata kutafuta funza. Halikuwa nao. Nikalila. Hilo halimo kwenye kanuni.

Geti lilikuwa hatua hamsini. Nikatembea, nikajikuta chini ya mwembe uleule.

Nikajaribu tena.

Mwembe uleule.

Juu yangu kitu kilikuwa kinatafuna. Taratibu... kama mtu asiye na haraka.

"Ndolo." Mama Ndila alikuwa amesimama nyuma yangu, ananong'ona. "Umekula?"

"Moja tu, mwaitu," nikajibu, nikimwita mama kwa Kikamba. "Ya kupima."

"Ai! Kwani ofisi yenu inapima na tumbo?" Hakucheka. "Hiyo chupa ni ya mzee wangu, Nzau. Aliweka ya kushika wezi. Ukikula, huondoki mpaka yeye akufungue."

"Basi muite anifungue."

"Nilimzika mwezi wa nne."

Kutafuna kukakoma.

Akainua uso matawini, akasema maneno machache ya Kikamba, kwa sauti ya mke anayeuliza kama chai imetosha sukari. Akasikiliza.

"Amesema utie sahihi. Uende."

Alikuwa ameshika fomu yangu. Ningeapa ilikuwa ndani ya mkoba wangu, na mkoba ulikuwa umefungwa zipu. Nikamtazama vizuri. Misimu miwili ofisi ilikuwa imemnyima cheti cha kuuza nje. Mjanja huyu, nikajiambia. Lakini miguu yangu ilikuwa na vumbi la safari ya siku nzima.

Nikatia sahihi gizani. Hatua hamsini, geti likawa geti.

Asubuhi bosi wangu, Ndambuki, akaniita.

"Nzau ni nani?"

Mwandiko kwenye fomu ulikuwa wangu. Jina halikuwa langu. Nikachukua kalamu nimwonyeshe sahihi yangu ya miaka kumi na moja.

Mkono ukaandika Nzau.

Ndambuki akasema nilete kiapo cha wakili na nakala tatu. Nilivijaza vyote. Vyote vikakataliwa, kwa kuwa mwombaji ni marehemu.

Leo jioni Mama Ndila amepiga simu. Hakuniita Ndolo.

"Mzee," amesema kwa upole, "unafika saa ngapi? Chakula kinapoa."

Nilitaka kumwambia amekosea namba.

Nimemwambia nimeshavaa viatu.