Nyundo Moja Nyepesi

Kila asubuhi kabla ya shule, Severa alisafisha mashine ya kusaga ya baba yake pale Kariakoo. Injini ikiwa imezimwa, alifungua kifuniko, akakung'uta pumba, kisha akachomoa nyundo, yaani vile vyuma vinavyozunguka ndani na kuponda mahindi. Alizifuta na kurudisha kila moja mahali pake. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya mama. Lakini tangu mwaka huo wa 1956 uanze, mama alikuwa Kibosho, karibu na Moshi, akimuuguza bibi. Sasa bibi alikuwa amepona, na baba, Mzee Theophil, alikuwa ameahidi kutuma nauli mwisho wa mwezi.

Jumatatu, Severa akiwa katikati ya kazi, alisikia honi ya basi la Moshi. Alijua fika kwamba mama hajatumiwa nauli, lakini nani amwambie hivyo mtoto aliyemkumbuka mama yake? Kwa pupa nyundo moja ilimponyoka ikatumbukia mtaroni. Hakuitafuta. Alichukua nyingine kuukuu, iliyolika, kutoka kwenye kopo la vyuma chakavu, akaipachika na kutimua mbio. Abiria wote walishuka. Mama hakuwamo.

Baba alipowasha injini, mashine ilitetemeka kama mgonjwa wa homa. Alikaza boliti. Akaiegemezea magunia ya mahindi. Wapi! Kufikia Jumatano, ukuta wa jirani yao, Bi Mwanamkuu, ulikuwa na ufa, na sahani zake mbili zimevunjika.

"Baba Severa, nakuheshimu," alisema Bi Mwanamkuu, "lakini dude lako litaniangushia nyumba. Ijumaa likitikisika bado, namwendea mwenye nyumba akuhamishe."

Jioni hiyo baba alisukuma sahani ya chakula pembeni. "Mwanangu, nauli ya mama yako ingoje. Hatujui hata tutakuwa wapi."

Severa alikuwa amenyamaza kwa kuogopa fimbo. Sasa aliona kunyamaza kwake kunamzuia mama asirudi, na hilo lilimuuma kuliko fimbo yoyote.

"Baba, ni mimi," alisema huku akilia, akaeleza yote.

Baba aliinuka, akaenda kwenye mashine. Alizichomoa nyundo zote, akachukua na lile kopo la vyuma chakavu, wakaenda navyo dukani kwa Mzee Sadalla kuzipima nyundo kwenye mizani. Ile kuukuu ilikuwa nyepesi mno.

"Umeona?" baba alisema. "Hizi huzunguka kwa kasi. Upande mmoja ukiwa mzito, unavuta, na mashine nzima inayumba. Ningepanga magunia mpaka darini, nisingefika popote."

Kutoka koponi walichagua nyundo iliyolingana uzito na ile ya upande wa pili. Alhamisi mashine ilinguruma, ikatulia. Bi Mwanamkuu aliweka kiganja ukutani, akasubiri, kisha akasema, "Haya, nisagieni na mimi."

"Makosa hutokea mikononi mwa kila mtu," baba alimwambia Severa. "Ungenieleza Jumatatu, tungepoteza asubuhi moja tu. Kuficha ndiko kulikopasua ukuta wa watu. Ufa huo nitauziba mimi, na wewe utanikorogea udongo."

"Ndiyo, baba. Na mama je?"

"Nauli naituma Jumamosi. Mimi pia nimemkumbuka mno. Lakini habari ya nyundo utamweleza mwenyewe, naye atakugombeza."

Severa alifuta machozi. Alitamani sana kugombezwa na mama.