Lakiri ya Kontena Tupu

Kontena la dawa lilifunguliwa hospitalini asubuhi, lakiri ya mlangoni ikiwa nzima, na ndani hamkuwa na hata kidonge kimoja. Dereva akatiwa pingu palepale.

Inspekta, mwanamke mfupi asiyejua kukata tamaa, alimkabili katika chumba cha mahojiano. Saa nane mchana kijana angefikishwa mahakamani. Kesho yake alitakiwa kuhamia nchi jirani na mkewe na mtoto, kuanza kazi mpya.

"Mzigo umeushusha wapi?"

"Sikusimama popote, afande."

"Dereva wa miaka kumi hukuhisi lori ni jepesi?"

"Nilihisi. Nikauliza. Nikaambiwa ni pamba na bandeji."

"Nani alikwambia?"

Kijana akageukia ukuta. Jamani, mtu jela inamwita na yeye kauma meno! Inspekta alitamani kumtikisa.

Akaenda yadi ya makontena. Karani wa mizani alimtolea karatasi ya lori lile: lilitoka getini jepesi vilevile. Basi kijana hakuiba njiani. Alipewa kontena tupu lililofungwa lakiri kama lililojaa.

"Nani hupanga lori lipi libebe kontena lipi?"

"Mama Ratiba. Bila yeye hapa haliendi gurudumu. Huyo dereva ni mkwewe, kamwoa binti yake."

Hapo inspekta akaelewa ule ukimya. Kijana atamshitaki vipi mama mkwe wake?

Huenda dawa bado zimo yadini. Alimwita koplo, wakapita safu za makontena matupu wakikagua milango. Tupu halifungwi lakiri. Cha kulinda kiko wapi? Walihesabu arobaini yasiyo na lakiri. La arobaini na moja, pembeni kabisa, lilikuwa na lakiri. Koplo akaikata. Maboksi ya dawa yalijaa mpaka juu.

Mama Ratiba walimkuta ofisini, mbele ya ubao wa safari za siku.

"Ungekata ile lakiri, tungehangaika wiki nzima," inspekta alisema. "Kwa nini uliiacha?"

Mama akamtazama koplo, akatazama mlango. Kisha akakaa.

"Dawa za wagonjwa zile. Ningeliacha wazi, zingeibwa kweli."

"Lakini mkweo afungwe, sawa?"

"Hasha! Nilitaka wamshuku siku mbili tatu tu, ile kazi impite. Kisha ningesema nilikosea kupanga."

"Kazi yake imekukosea nini?"

"Anamchukua binti yangu, afande! Na mjukuu wangu ndiyo kwanza anajifunza kuniita bibi. Mimi nibaki na nani? Na huu ubao?"

Inspekta alitoa pingu.

"Ngoja," Mama Ratiba akasema. Akashika simu ya yadi. "Lori namba sita, chukua lile la dawa. Hospitali, sasa hivi, usisimame." Akaiweka, akageuka. "Amenitaja?"

"Hata tulipomtishia jela, hakukutaja."

Mama Ratiba akaangua kilio, mikono kainyoosha mwenyewe.

"Mwachieni awahi," alisema. "Aende nao wote."