Meno Kwenye Mjozi

Kitako kile cha bunduki kilikataa kukauka. Torgul alikuwa amekifuta masizi na kukinyonya mafuta machafu kwa chaki, lakini kila alipokigusa kilitoa jasho, na jasho lenyewe lilinuka hina. Katika soko lote la Darra hakuna aliyemfikia kwa kufufua vitako vya bunduki kuukuu, na mti wa mjozi haukuwahi kumtolea jasho.

"Ni jini la mti tu," alisema binamu yake Zarbaz, aliyekileta. "Usilichunguze. Nitolee yale makovu ya ubavuni leo hii. Kwa fundi mwingine yangebaki."

"Una haraka ya nini? Unaoa?"

Zarbaz akautazama mlango.

Torgul akatandika kitambaa kibichi juu ya makovu, akakandamiza pasi ya moto. Ndivyo mbao iliyobonyea inavyoinuliwa: mvuke unaingia, mti unavimba. Lakini mvuke huu ulitoka ukihema kama mtu aliyezibwa mdomo, na alipofunua kitambaa makovu yalikuwa yamezama zaidi, yamejipanga nusu duara, meno ya mtu, na katikati pengo la jino moja, pengo ambalo Torgul mwenyewe alilifanya utotoni kwa jiwe la manati kinywani mwa mdogo wake Mirwas, yule aliyetoweka hina ya harusi ikiwa mbichi mikononi, na Zarbaz akaapa kwa msahafu kwamba alimpandisha basi la Karachi.

"Kaka," mvuke ukanong'ona, "alinizibia pumzi kwa hiki."

Alipogeuka, Zarbaz hakuwepo.

Torgul alimfuata mbio hadi nyumbani kwao, nyundo mkononi. Akachelewa. Zarbaz alikuwa amepiga magoti uani, nyasi mdomoni kama kondoo, na mama yake Torgul, asiyejua lolote, alikwisha kumfunika kwa shela yake. Kwa mila ya kwao, anayeingia hivyo kuomba hifadhi haguswi.

"Mama, mwachie! Kamuua Mirwas!"

Mkono wa mama ulikuwa juu ya kichwa cha Zarbaz. Haukuondoka.

"Nimeshampa hifadhi, mwanangu. Sikumuuliza. Huwa hatuulizi."

Wapo wanaoiita hifadhi hiyo heshima. Ni usaliti, basi.

Magharibi walikula wote watatu, mkate mmoja. Mlango ukabishwa.

"Mama," ikaita sauti ya Mirwas. "Nami naomba hifadhi."

Mama akainuka. Zarbaz akamdaka pindo la shela.

"Mama mkubwa," alinong'ona, "ulinipa mimi kwanza."

Mama akaketi. Akamega mkate, asiule. Nje mwanawe akaendelea kubisha, polepole, kama mgeni mwenye adabu.